BWANA SHAMBA NA WASOMAJI: Mtoto Mchanga Avae Nini Usiku?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kulea vifaranga. Tulisema kwamba kifaranga mchanga hana manyoya ya kutosha. Kwa hiyo mfugaji lazima ampe joto. Unachukua boksi, unatandika maranda, unaweka taa. Kisha unakaa na kutazama. Vifaranga wakijibana karibu na taa, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuachama midomo, wanaona joto. Wakitawanyika, wakala na kulala bila wasiwasi, joto ni sawa. Vifaranga wenyewe wanakuambia.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema kwanza katika mkutano wa wafugaji, chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha tambarare ya Korogwe. Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima alisimama. Alikuwa amempakata mjukuu wake wa miezi 2. Mtoto alivaa sweta, kofia ya sufu na soksi. Juu ya hayo alifungwa shali. Ilikuwa saa 7 mchana, mwezi wa Februari. Sisi wengine tulikuwa tunajipepea kwa kofia zetu.

"Bwana Shamba," akasema, "kifaranga akiona joto anaikimbia taa. Huyu wangu nimemfunga kama mzigo wa kuni. Hawezi kukimbia. Basi mimi nitajuaje?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini si sana. Swali lile lilinikumbusha usiku mmoja wa mwaka 2012, nyumbani kwangu. Nitawaeleza habari zake hapa mbele.

Mimi ni bwana shamba. Cheti changu ni cha kilimo, si cha uganga. Kwa hiyo kabla ya kuandika habari hizi nilikwenda zahanati. Nilikaa na muuguzi nikamwuliza jambo moja moja. Haya ninayoandika ni yale aliyonieleza, pamoja na yale niliyojifunza mwenyewe kwa kukosea.

KWA NINI MTOTO HUPOA UPESI

Pika uji katika sufuria kubwa. Chota kikombe kimoja. Weka sufuria na kikombe nje wakati wa jioni. Kipi kitapoa kwanza? Kikombe. Kitu kidogo hupoteza joto upesi kuliko kitu kikubwa.

Mtoto mchanga ni kile kikombe. Mwili wake ni mdogo, lakini ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Joto hutoka kwenye ngozi. Kichwa chake nacho ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto jingi hutokea kichwani.

Tena, mtu mzima akiona baridi hutetemeka. Kule kutetemeka kunampa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri. Yeye ana akiba ya namna nyingine. Ana mafuta ya pekee, ya rangi ya kahawia, yaliyo shingoni na mgongoni katikati ya mabega. Mwili huyachoma mafuta hayo kama mkaa ili kupata joto. Lakini akiba hiyo ni ndogo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia ana akiba ndogo zaidi.

Jambo jingine ni unyevu. Mnajua kwa nini maji ya mtungi ni ya baridi. Mtungi hutoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Mtoto anazaliwa akiwa amelowa. Usipomkausha, atapoa kama mtungi. Ndiyo maana akizaliwa hukaushwa mara moja, huwekwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, hufunikwa kwa nguo kavu na huvalishwa kofia. Shirika la Afya Duniani linaagiza pia kwamba asiogeshwe mpaka saa 24 zipite.

Basi bibi zetu hawakukosea walipoogopa baridi. Baridi humwua mtoto mchanga. Kosa letu ni jingine. Tunaichukua hofu ya siku ya kwanza, tunaendelea nayo mpaka mtoto ana miezi 6. Tunaendelea nayo milimani na tambarare, Julai na Februari.

Joto likizidi, mtoto hana la kufanya. Hawezi kuvua sweta. Hawezi kulisukuma blanketi. Hatoki jasho vizuri kama mtu mzima. Kichwa ndilo dirisha lake la kutolea joto. Ukikifunika kwa kofia ya sufu wakati wa joto, umelifunga dirisha. Mtoto hupoteza maji, huchoka na hunyonya kidogo. Wataalamu wameona pia kwamba mtoto anayelala akiwa na joto mno, au akiwa amefunikwa kichwa na uso, yuko katika hatari zaidi ya kufa ghafla usingizini.

Joto la kawaida la mwili wa mtoto ni kati ya digrii 36.5 na 37.5. Nafasi hiyo ni ndogo sana. Ni digrii 1 tu.

USIKU ULE WA MWAKA 2012

Mwaka 2012 nilikuwa nimehamishwa kutoka Lushoto kuja tambarare, upande wa Korogwe. Wanaojua sehemu hizi wanajua kwamba kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilometa 30 na ushei tu. Lakini barabara ile inapanda karibu meta 1,000. Kila ukipanda meta 1,000, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi. Mtu huingia katika basi Mombo akiwa na fulana, na hushuka Lushoto akitafuta koti.

Mama mkwe wangu ni mtu wa huko juu. Mwisho wa mwezi wa Januari alikuja kumwona mjukuu, mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa na miezi 4. Alileta zawadi. Ilikuwa sweta la sufu alilolifuma kwa mkono wake, pamoja na kofia yake na soksi zake. Sweta lilikuwa zuri kweli. Jioni alimvika mtoto yeye mwenyewe. Ndani mlikuwa na fulana, juu akaongeza blanketi. Dirisha tulikuwa tumelifunga kwa sababu ya mbu.

Mimi nililiona lile joto. Lakini mwanamume atamwambiaje mama mkwe wake kwamba zawadi yake haifai? Nilinyamaza. Mke wangu naye alinyamaza, maana ni mama yake mzazi. Tukalala.

Saa 6 za usiku mtoto alianza kulia. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo tulipoogopa. Alikuwa amelegea. Mwili wake ulikuwa wa moto. Alipumua harakaharaka. Alipewa ziwa akaliacha. Mama mkwe alisema ni malaria, akataka aongezewe shali ili atoke jasho. Nikasema, hapana, twende zahanati. Haikuwa mbali. Tulikwenda kwa miguu. Mimi nilitangulia na tochi, mke wangu na mtoto katikati, mama mkwe nyuma.

Muuguzi wa zamu alimtazama mtoto. Hakutuuliza tumempa dawa gani. Aliuliza, "Nani amemvika hivi?" Hakuna aliyejibu. Akavua kofia. Akavua soksi, sweta, na fulana. Fulana ilikuwa imelowa chapachapa. Akampima, ikawa digrii 38.4. Akamwambia mke wangu ajaribu tena kumnyonyesha. Akamtoboa mtoto kidogo, akapima damu kutafuta malaria. Hapakuwa na malaria. Baada ya nusu saa alimpima joto tena. Ilikuwa digrii 37.3. Mtoto alikuwa ananyonya na kurusha miguu.

Muuguzi alituambia hivi: "Leo imekuwa ni nguo. Siku nyingine itakuwa malaria, au itakuwa nimonia. Mlifanya vizuri kuja. Msije mkakaa nyumbani mkisema ni nguo tu."

Maneno hayo nawaomba myashike. Mtoto akiwa wa moto, mpunguzie nguo na umnyonyeshe, lakini mpeleke zahanati. Usikae kungoja.

Njiani mama mkwe hakusema neno mpaka tulipofika mlangoni. Hapo akasema, "Kwetu ndivyo tunavyowavika, baba." Ni kweli. Na kwao ni sawa. Sweta lile hatukulitupa. Mwezi wa Julai tulipopanda Lushoto kumsalimia, mtoto alilivaa. Lilikuwa limeanza kumbana mikononi, lakini lilimfaa sana.

MKONO WAKO NDIO KIPIMO

Sasa nirudi kwa swali la mama yule. Utajuaje?

Watu wengi hugusa viganja na nyayo za mtoto. Wakikuta baridi, humwongezea nguo. Hilo ni kosa. Damu ya mtoto mchanga haifiki vizuri kwenye vidole. Viganja vyake vinaweza kuwa vya baridi kidogo na huku tumbo lake lina joto la kutosha.

Gusa ukosi, yaani shingoni kwa nyuma. Au ingiza vidole ndani ya nguo, uguse kifua au mgongo katikati ya mabega. Mkono wako uwe mkavu. Kama umetoka kuosha vyombo au kukoka moto, ngoja kwanza, maana mkono wa baridi au wa moto utakudanganya.

Ukosi ukiwa na joto la kawaida na ni mkavu, mtoto yuko sawa. Mwache. Ukiwa na unyevu, au nywele zimelowa jasho, ana joto. Mvue nguo moja. Utaona pia harara shingoni na kwapani, na kupumua kwa haraka. Vitabu vingine vinasema mashavu huwa mekundu, lakini kwa ngozi zetu wekundu huo si rahisi kuuona, hasa kwa mwanga wa kibatari. Amini mkono wako.

Kifua au tumbo likiwa la baridi, mtoto ameshikwa na baridi. Mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, ujifunike pamoja naye, na umnyonyeshe. Mtoto mwenye baridi kali halii sana. Hunyamaza, hulegea, hunyonya kwa udhaifu. Watu husema, "Mtoto huyu ni mpole." Mguse kwanza ndipo umsifu. Kama hapati joto upesi kifuani pako, mpeleke zahanati ukiwa umembeba hivyo hivyo.

Mpime wakati unapokwenda kulala, mpime kila unapoamka kumnyonyesha, na usisahau saa 10 na saa 11 za alfajiri. Saa hizo ndizo za baridi kuliko zote. Mtoto aliyekuwa sawa saa 3 za usiku anaweza kuhitaji nguo nyingine alfajiri. Iweke karibu na kitanda, usiitafute gizani.

AVAE NINI BASI?

Muuguzi alinipa kanuni moja rahisi. Jitazame wewe mwenyewe. Je, umevaa nini na unajisikia vizuri chumbani humo? Mtoto avae kama hivyo, na aongezwe nguo moja nyepesi. Basi.

Huku kwetu tambarare, na kule pwani, miezi ya joto, mama analala na kanga moja tu. Basi mtoto anatosha kwa nepi na kishati chepesi cha pamba, na kanga nyepesi mpaka kifuani. Kofia hapana. Soksi hapana. Usiku wa joto kali hata kile kishati kinaweza kuwa kingi. Inapofika Juni na Julai, mpe nguo ya mikono mirefu na suruali.

Milimani ni habari nyingine. Lushoto, Makete, Njombe na Mbulu, usiku wa Julai si mchezo. Hapo anza na fulana ya pamba iliyo karibu na ngozi. Juu yake weka nguo ya mikono mirefu iliyofunika na miguu. Juu yake weka sweta. Blanketi liishie kifuani, chini ya kwapa, na ulichomeke pembeni lisipande usoni. Ni bora kuvaa nguo mbili nyepesi kuliko nguo moja nzito. Sababu ni hewa. Hewa iliyokaa kati ya nguo mbili ndiyo inayoshika joto. Tena ni rahisi kupunguza moja.

Mtoto wa siku chache, na hasa mtoto mdogo aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2 na nusu, ana kanuni yake. Huyu huhitaji kofia na joto zaidi, hata mahali ambapo si pa baridi sana. Nguo bora kwake ni mwili wa mama. Mwaka 1978 daktari mmoja wa mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, jina lake Edgar Rey Sanabria, alikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwatia joto. Akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, usiku na mchana. Leo hospitali zetu zinafuata njia hiyo. Inaitwa njia ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa tumboni. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu. Hukaa wima katikati ya maziwa ya mama, na hufungwa kwa kanga. Mama akichoka, baba naye ana kifua. Mimi nimemwona baba mmoja hospitalini akifanya hivyo, na hakuna aliyemcheka.

Wengi wetu tunalala na mtoto kitanda kimoja. Kumbuka kwamba mwili wako ni jiko. Mtoto aliye ubavuni pako anapata joto lako, kwa hiyo mpunguzie nguo. Blanketi lako la watu wazima lisimfike usoni. Salama zaidi ni mtoto kuwa na mahali pake karibu yako. Akiwa kitandani mwenu, asilale katikati ya baba na mama, na aliyekunywa pombe asilale naye kabisa. Mlaze chali. Zamani huko Ulaya mama walifundishwa kuwalaza watoto kifudifudi. Mwaka 1991 Uingereza ilianza kampeni ya kuwaambia wawalaze chali, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Ni jambo lisilogharimu hata senti.

NGUO YENYEWE

Nguo nyingi za watoto tunazinunua mnadani, katika mitumba. Sizikatazi. Hata wanangu wamezivaa. Lakini fikiri nguo ile ilishonwa kwa ajili ya nani. Ilishonwa kwa mtoto wa nchi yenye theluji. Lile vazi nene lenye manyoya laini, lililofunika mwili mzima mpaka nyayo, ni zuri machoni, na muuzaji hulisifu sana. Kwa usiku wa Korogwe ni tanuri.

Mengi ya mavazi hayo si pamba, wala si sufu ya kondoo. Ni nyuzi za kiwandani. Hazinywi jasho, kwa hiyo jasho hubaki kwenye ngozi. Ukitaka kujua, chomoa uzi mmoja kwenye mshono. Nenda nao mbali na mtoto, uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, huacha majivu. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kufanya tone gumu kama plastiki. Sufu huungua kwa shida na kunuka kama nywele.

Hapa niruhusiwe kusema neno la kilimo. Wakulima wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanalima pamba, na sehemu kubwa ya nyuzi zake tunaiuza nje. Kisha sisi tunamfunga mtoto wetu kwa plastiki iliyotoka huko huko nje. Kanga kuukuu ya pamba, iliyolainika kwa kufuliwa, ni nguo bora ya kulalia mtoto kuliko vazi lile la manyoya. Mimi nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati nguo zilipokuwa adimu madukani. Mama yangu anasema nililala katika vipande vya kanga yake miezi yote ya mwanzo. Alidhani ni umaskini.

Kabla ya kumvika nguo ya mtumba, ikague. Kata kamba zote za kofia na shingoni. Vuta kila kifungo. Kikilegea, kishone upya au kiondoe, maana mtoto hukimeza. Pini isibaki kwenye nguo ya kulalia. Ushanga au uzi wa shingoni, kama ni desturi ya kwenu, uvuliwe mtoto anapolala, kwa sababu unaweza kumnyonga. Nepi ikaguliwe kabla ya kulala na kila anaponyonya. Nepi iliyolowa ni ule mtungi tuliousema.

JIKO LISIINGIE CHUMBANI

Nilipokuwa nikifanya kazi milimani, niliitwa msibani mwezi mmoja wa Julai. Baba na mama walikuwa na mtoto wa siku 10. Baridi ilikuwa kali. Waliingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Wakafunga mlango na dirisha. Chini ya mlango wakaziba kwa gunia. Karibu na alfajiri baba aliamka kichwa kikimpasuka, miguu haina nguvu. Alitambaa mpaka mlangoni akaufungua. Mama alipelekwa hospitali akapona. Mtoto hakuamka.

Watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wanamtunza mtoto wao.

Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Mkaa unaweza kuwa mwekundu, hauna moshi hata kidogo, na sumu bado inatoka. Mtu hulegea akiwa usingizini, hajui kitu. Kama unataka kupasha chumba joto, pasha jioni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla mtu hajalala. Usiku joto la mtoto litoke kwenye nguo na kwenye mwili wa mama.

KUFUA NA KUANIKA

Mama akishafua nguo za mtoto, mara nyingi huzitandaza juu ya majani au huzianika kivulini. Yupo nzi mmoja mnene, wa rangi ya hudhurungi, katika sehemu nyingi za joto. Hutaga mayai yake kwenye nguo zenye unyevu na kwenye mchanga. Mayai yakianguliwa, funza wadogo wasioonekana kwa urahisi hungoja joto la mwili. Mtoto akivaa nguo hiyo, funza huingia katika ngozi. Utaona uvimbe kama jipu, una tundu dogo katikati. Wengine husema mtoto amerogwa. Hakurogwa. Ni funza wa nzi.

Anika kwenye kamba, juani, mpaka nguo ikauke kabisa. Kisha piga pasi ya moto, pande zote mbili, na mishono yote. Nepi na matandiko pia. Mtoto akiwa na uvimbe wa namna hiyo, usimminye kwa kucha. Mpeleke zahanati.

Na iko nguo moja ya usiku ambayo haivaliwi. Ni chandarua chenye dawa. Mjamzito hupewa kliniki. Mimi mwaka ule nilifunga dirisha kwa sababu ya mbu, nikamfungia mtoto joto. Kumbe chandarua kingetuwezesha kulala dirisha likiwa wazi. Kichomeke vizuri chini ya godoro au mkeka.

Mtoto mchanga asiyenyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye degedege, aliyelegea, au ambaye mwili wake ni wa moto au wa baridi, apelekwe zahanati saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Haya ndiyo niliyorudi nayo kwa mama yule, wiki mbili baadaye, chini ya mwembe ule ule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza vidole nyuma ya shingo ya mjukuu wake, akavitoa, akavitazama. Vilikuwa vimelowa. Akavua kofia. Akavua sweta. Mtoto alinyoosha mikono yote miwili, akapiga mwayo.

"Kumbe alikuwa anatafuta pembeni mwa boksi," akasema mama.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani, na jinsi ya kujua kwa meno kama yamekauka.

Wenu,
Bwana Shamba